Pua au mkono: chanjo ya homa ya mafua kwa watoto watatu wa nyumba moja

Mama mmoja ameniandikia swali, nami nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na mdogo wa miezi 14. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa homa ya mafua. Kliniki wametuambia ipo chanjo ya kupuliziwa puani na ipo ya sindano, tuchague wenyewe. Mkubwa akiona sindano hupiga kelele mpaka hushikwa na watu watatu. Wa kati alibanwa kifua miezi 7 iliyopita baada ya mafua, kikawa kinapiga mluzi, tukampeleka hospitali akavutishwa dawa kwa mashine. Nyumbani tunaishi na mama mkwe ambaye anatibiwa saratani kwa dripu. Nimesoma kwamba ya puani ina virusi hai, na kwamba Marekani waliwahi kuiacha. Ipi ni bora?"

Marahaba, mama. Nitaanza na jibu kabla ya maelezo, maana mwenye watoto watatu hana nafasi ya kuzungushwa. Mdogo achomwe sindano. Wa kati naye achomwe sindano, angalau kwa mwaka huu. Mkubwa apuliziwe puani. Mama mkwe hana haja ya kuhamishwa nyumba, ila naye achanjwe, na yake iwe ya sindano. Ukiishia hapa umeshapata ulichokuja kutafuta. Yanayofuata ni sababu, na nimeziandika kwa urefu kwa kuwa mwakani watoto watakuwa wamekua, na jibu la huyo wa kati huenda likabadilika.

Umeuliza ipi ni bora. Karibu kila mzazi huanzia hapo, na ukweli ni kwamba swali hilo halina jibu la kumsaidia mtu. Kwa watoto zinakaribiana. Msimu mmoja hii huitangulia ile, msimu mwingine ile huitangulia hii. Kinachoamua ni mambo mengine: mtoto ametimiza miaka 2? Kifua chake kikoje? Ana maradhi, au anatumia dawa, inayodhoofisha kinga yake? Akishavuka maswali hayo bila kukwama, hapo ndipo mzazi ana uhuru wa kuchagua anachopenda, na hapo hata hofu ya sindano ni sababu halali kabisa. Sioni aibu kuiandika.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu jina, kwa sababu hapa Kiswahili hututega. Mtoto akitoka makamasi tunasema ana mafua. Akiwa na homa kali ya ghafla, mwili mzima unamuuma, hataki kula wala kuinua kichwa, bado tunasema ana mafua. Ya kwanza huletwa na virusi vya namna zaidi ya 200, na chanjo tunayoizungumzia haivigusi. Ya pili ndiyo homa ya mafua, yaani influenza, na hiyo ndiyo inayokingwa. Nalitaja hili kwa kuwa ndilo lalamiko ninalolipokea mara nyingi kuliko yote: "Tumemchanja, na wiki iliyofuata pua inachuruzika." Itachuruzika, mama. Itachuruzika mara nyingi tu kwa mwaka. Tunachokipunguza ni ule ugonjwa mwingine, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani unaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji peke yake, na ambao huwalaza hospitalini watoto wa chini ya miaka 5, hasa wale wa chini ya miaka 2, kuliko wakubwa zao.

Sasa tofauti ya chanjo zenyewe. Ya sindano ina virusi vilivyouawa, na mara nyingi vimekatwakatwa hata havifanani tena na kirusi. Haiwezi kumpa mtu homa ya mafua kwa njia yoyote; hakuna kilicho hai ndani yake. Mwili unavitambua vipande vile na kutengeneza kingamwili zinazozunguka katika damu. Ya puani ni tofauti. Hiyo kweli ina virusi hai, ulichokisoma ni sahihi, lakini ni virusi vilivyolelewa vikazoea baridi. Kazi hiyo ilifanywa na Hunein Maassab katika Chuo Kikuu cha Michigan miaka ya 1960. Alichukua kirusi kilichopatikana katika mji wa Ann Arbor mwaka 1960, akakikuza tena na tena katika joto la chini zaidi na zaidi, mpaka akapata kirusi kinachostawi kwenye nyuzi 25. Puani mwa binadamu hewa ya nje hupoza njia, kwa hiyo kirusi hicho huweza kuzaliana kidogo pale. Kikishuka mapafuni, ambako joto ni la mwili wenyewe, kinashindwa kufanya kazi. Ni kama mgeni aliyezoea barazani. Ukimwingiza jikoni kwenye moto hatakaa.

Faida ya ujanja huo ni kwamba mwili unajifunza pale pale adui anapoingilia. Chanjo ya puani huamsha kinga kwenye ute wa pua, kitu ambacho sindano ya mkononi hukifanya kwa unyonge. Kwa watoto wadogo ambao kinga yao haijawahi kukutana na influenza, hilo lina uzito. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua mara kadhaa, kinga ya zamani inaweza kukiua kirusi cha chanjo kabla hakijafundisha lolote, na ndiyo sababu ya puani huonekana kufaa watoto zaidi ya wakubwa.

Basi kwa nini mdogo wako asipewe? Kwa sababu ya jaribio moja kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Watoto zaidi ya 8,000, wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi 59, waligawanywa: nusu wakapuliziwa, nusu wakachomwa. Kwa upande wa kukinga, ya puani ilishinda waziwazi. Waliopuliziwa walipata homa ya mafua iliyothibitishwa maabara pungufu kwa takriban asilimia 55 kuliko waliochomwa. Ukiishia kwenye mstari huo utatoka mbio kuitafuta. Lakini watafiti walihesabu pia vifua. Kwa watoto wa chini ya miaka 2, waliopuliziwa walibanwa kifua kwa mluzi mara nyingi zaidi katika wiki zilizofuata dozi ya kwanza. Na kwa wale wa miezi 6 hadi 11, waliolazwa hospitalini kwa sababu yoyote ile walikuwa asilimia 6.1 kwa waliopuliziwa na asilimia 2.6 kwa waliochomwa. Njia za hewa za mtoto wa umri huo ni nyembamba mno; uvimbe mdogo ambao wa miaka 7 hataujua, kwake ni shida ya kupumua.

Kwa hiyo mpaka ukawekwa kwenye miaka 2. Mtoto wako wa miezi 14 yuko upande wa sindano, na hapo hakuna majadiliano: si Marekani, si Uingereza, si popote ninapopajua. Sindano yenyewe inaruhusiwa kuanzia miezi 6. Chini ya miezi 6 hakuna chanjo yoyote ya homa ya mafua, na kinga ya kichanga inatoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito na kwa watu wanaomzunguka.

Huyo wa kati ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika. Ana miaka 4, umri unaoruhusiwa kupuliziwa, lakini kifua chake kilipiga mluzi miezi 7 iliyopita. Ukiuliza nchi mbili zenye uzoefu mkubwa wa chanjo hii utapata majibu mawili. Mwongozo wa Marekani unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwenye pumu, au aliyebanwa kifua kwa mluzi ndani ya miezi 12 iliyopita, asipewe ya puani. Uingereza ni wepesi zaidi: huko mtoto mwenye pumu hupuliziwa, hata akiwa anatumia dawa ya steroidi ya kuvuta, yaani ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, mradi kifua hakijambana vibaya ndani ya saa 72 zilizopita na pumu yake si ile kali iliyowahi kumpeleka chumba cha wagonjwa mahututi au inayohitaji steroidi za kumeza mara kwa mara.

Nani yuko sahihi? Wote wanatazama ushahidi ule ule na kuupima kwa mizani tofauti. Wamarekani walichukua hofu iliyotoka kwa watoto wadogo kabisa wakaisogeza mbele kidogo kwa tahadhari. Waingereza wamewapulizia watoto wengi wenye pumu mashuleni, na hawakuona madhara ya kuwafanya wabadilishe msimamo. Mimi kwa mtoto wako naegemea sindano, na sababu yangu si kwamba naamini ya puani ingemdhuru. Ni kwamba mtoto aliyehitaji mashine hospitalini miezi 7 iliyopita ana kifua ambacho hatujakijua bado: huenda ni pumu inayoanza, huenda ilikuwa mara moja tu ikapita. Akipuliziwa halafu akabanwa wiki moja baadaye kwa sababu ya kirusi kingine kabisa, wewe utalala macho ukijilaumu na sisi hatutakuwa na namna ya kujua. Sindano haina utata huo. Mwakani akiwa na miaka 5 na kifua kimetulia mwaka mzima, nitamruhusu apuliziwe bila wasiwasi.

Na jambo moja usilipindue: kifua chenye matatizo ni sababu ya kubadilisha aina ya chanjo. Si sababu ya kuiacha. Mtoto mwenye pumu akipata homa ya mafua yenyewe, hubanwa vibaya kuliko mwenzake. Nimewaona wazazi walioambiwa "huyu hawezi kupuliziwa" wakasikia "huyu hachanjiki", wakaondoka. Yule aliyehitaji kinga kuliko wote nyumbani ndiye aliyerudi bila kitu.

Haya, mkubwa. Miaka 7, mwenye afya, muoga wa sindano. Hapa ndipo ile habari ya Marekani inapoingia, na nitaieleza yote kwa sababu ikielezwa nusu inatisha bure.

Chanjo ya puani iliruhusiwa Marekani mwaka 2003, kwanza kwa wenye miaka 5 hadi 49, kisha mwaka 2007 ikashushwa hadi miaka 2. Ilisifiwa mno. Ilipofika msimu wa 2014 hadi 2015, kamati ya ushauri wa chanjo ya huko ilifika mahali pa kusema kwamba kwa watoto wa miaka 2 hadi 8 wenye afya, ya puani ipewe kipaumbele. Haukupita muda mambo yakageuka. Takwimu za msimu wa 2015 hadi 2016 zilionyesha kwamba kwa wenye miaka 2 hadi 17 ya puani ilikinga kwa asilimia 3 tu, wakati sindano ilikinga kwa asilimia 63. Asilimia 3 ni sawa na kupuliziwa maji. Kamati ikaamua isitumike katika msimu uliofuata, na tena katika ule wa 2017 hadi 2018.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao habari nyingi huuacha. Msimu ule ule Uingereza, waliokuwa wakiwapulizia watoto tangu 2013, walipima wakapata kinga ya takriban asilimia 58 kwa watoto wa miaka 2 hadi 17. Finland walipima kwa watoto wa miaka 2 wakapata asilimia 51 kwa ya puani na 61 kwa sindano. Nchi hizo hazikuiacha. Kwa nini tofauti ilikuwa kubwa hivyo, wataalamu wamebishana sana. Lakini kiini cha tatizo kilijulikana: ni aina moja ya kirusi ndani ya chanjo, ile ya H1N1 iliyotokana na mlipuko wa 2009. Kirusi kilichochaguliwa kuiwakilisha hakikuwa kikizaliana vizuri puani mwa binadamu. Kumbuka, chanjo hii inategemea kirusi kizaliane kidogo. Kisipozaliana, hakuna somo. Watengenezaji walikibadilisha, wakaweka kingine kilichozaliana vizuri zaidi, na tangu msimu wa 2018 hadi 2019 Marekani wameirudisha kwenye orodha. Chama cha madaktari wa watoto cha huko kilisubiri mwaka mmoja zaidi, bado kikipendelea sindano, kisha nacho kikaacha upendeleo.

Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu hata mlezi ampulizie mtoto wake mwenyewe nyumbani, kuanzia miaka 2. Chanjo inayotiliwa shaka haipewi ruhusa ya namna hiyo. Lakini sitakuficha kwamba imewahi kushindwa na kwingine. Katika majaribio mawili yaliyofanywa mwaka 2013 kwa chanjo ya puani ya jamii nyingine, inayotengenezwa kwa kirusi cha asili ya Urusi, watoto wa Bangladesh walikingwa kwa takriban asilimia 57 na watoto wa Senegal hawakukingwa kabisa. Chanjo ile ile, mwaka ule ule. Ndiyo maana nasema mtu anayekuapia kwamba moja ni bora daima hajafuatilia mambo haya kwa muda mrefu. Sindano nayo ina misimu yake mibaya, hasa pale virusi vinapobadilika baada ya Shirika la Afya Duniani kuchagua aina za kuwekwa, kazi inayofanywa Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini.

Kwa mkubwa wako, basi, zote mbili zinafaa, na hofu yake ndiyo iamue. Dozi yenyewe ni mililita 0.2, nusu katika kila tundu la pua. Mtoto anakaa wima, anapumua kama kawaida. Hana haja ya kuvuta kwa nguvu. Akipiga chafya papo hapo usishtuke wala usiombe arudiwe, dozi inahesabiwa. Kama siku hiyo pua imeziba kwa makamasi mazito ni afadhali kusubiri ifunguke, au kuchomwa sindano, kwani dawa ikikwama kwenye makamasi haifiki inakotakiwa. Baadaye anaweza kutoka kamasi nyepesi, kuumwa kichwa au kupata homa ndogo ya siku moja mbili. Wa sindano wao huumwa mkono au paja, na wadogo hupata homa kidogo. Homa ikimsumbua mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini.

Hilo la aspirini si la kupita haraka. Mtoto anayetumia aspirini kwa ugonjwa wowote hapewi chanjo ya puani, kwa sababu aspirini ikikutana na virusi vya influenza kwa mtoto inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Wengine wasiopuliziwa ni wenye kinga iliyodhoofishwa sana na ugonjwa au dawa, wasio na wengu, waliowekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio kwa upasuaji, wajawazito, na waliopata dawa za kuua virusi vya influenza siku za karibuni, kwa kuwa dawa hizo zitakiua pia kirusi cha chanjo. Mwenye mzio wa mayai, zamani alizuiwa. Marekani sasa hawamwekei tahadhari ya ziada, si kwa sindano wala kwa ya puani. Mzio mkali uliotokana na chanjo yenyewe ya homa ya mafua ni jambo jingine, huyo asiguswe mpaka aonwe na daktari.

Wapo pia wazazi watakaojali hili: chanjo ya puani ina gelatini inayotokana na nguruwe. Wapo wanazuoni wa Kiislamu waliosema kwamba gelatini iliyobadilika umbile hadi kuwa kitu kingine inaruhusiwa kwa dawa, na wapo wasiokubali. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mzazi asiyeridhika si lazima abaki katikati, maana zipo chanjo za sindano zisizo na gelatini hiyo. Aulize tu kabla sindano haijafunguliwa.

Turudi kwa mama mkwe, kwani najua ndiye aliyekufanya uandike "virusi hai" ukapigia mstari. Ni kweli mtoto aliyepuliziwa anaweza kutoa virusi vya chanjo puani kwa siku kadhaa. Huko Finland watafiti waliwafuatilia watoto wadogo wapatao 197 katika vituo vya kulelea watoto, wakicheza pamoja, wakitiana mikono midomoni kama wafanyavyo. Wengi wa waliopuliziwa, asilimia 80, walitoa kirusi cha chanjo. Aliyethibitika kuambukizwa na mwenzake alikuwa mmoja. Na kinachoambukiza ni kile kile kirusi dhaifu kinachoogopa joto, hakikurudia ukali wake.

Kwa sababu hiyo katazo ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Linawahusu wanaoishi na mtu ambaye kinga yake imeshuka kiasi cha kutengwa katika chumba maalumu, kwa mfano aliyepandikizwa uboho siku za karibuni. Mgonjwa wa namna hiyo akae mbali na aliyepuliziwa kwa siku 7, au watoto wachomwe sindano na yaishe. Mtu anayepata dripu za saratani, anayerudi nyumbani na kula na wajukuu, kwa kawaida hamo katika kundi hilo. Hata hivyo mpigie daktari wake wa saratani umuulize neno moja tu: "Chembe nyeupe zake zikoje mwezi huu?" Akisita, mchome mkubwa sindano, hatutakuwa tumepoteza kitu. Na mama mkwe mwenyewe achanjwe kwa sindano, siku ambayo daktari huyo ataipanga kulingana na dripu zake. Hatari kubwa kwake si mjukuu aliyepuliziwa. Ni mjukuu ambaye hakuchanjwa, anayerudi kutoka shuleni na homa ya mafua halisi na kumpandia mapajani.

Jambo ambalo kliniki huenda hawakukusisitizia ni dozi ya pili. Kwa kuwa watoto wako wote wako chini ya miaka 9 na hawajawahi kuchanjwa, utaratibu wa Marekani unataka kila mmoja apate dozi mbili mwaka huu, zikiachana kwa wiki 4 au zaidi. Mwakani moja itatosha. Uingereza huona dozi moja ya puani inamtosha mtoto mwenye afya. Fuata ratiba ya nchi yako, lakini kwa huyu mdogo usikubali kuachia njiani. Mwili ambao haujawahi kukutana na influenza mara ya kwanza unashangaa tu, mara ya pili ndipo unajibu. Dozi ya kwanza na ya pili si lazima ziwe za aina moja. Hesabu kuanzia mwisho: kinga huchukua kama wiki 2 kukomaa baada ya dozi ya mwisho, ongeza zile wiki 4 za katikati, utaona kwamba anayesubiri msimu uanze ndipo aende kliniki amechelewa wiki 6.

Sasa kuhusu kuchoma kwenyewe, kwa kuwa wawili watachomwa na wa tatu atakuwa anatazama. Usiwapange mkubwa awe wa mwisho. Apuliziwe kwanza, atoke nje, asisikie vilio. Mdogo atachomwa pajani. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe wakati sindano inaingia, hakuna dawa ya maumivu ya haraka inayoishinda hiyo. Wa kati mpakate mapajani akiwa amekaa, kifua chake kikielekea chako, mkono wa kuchomwa nje. Mtoto anayelazwa chali na kukandamizwa na watu wazima huogopa kule kukandamizwa kuliko sindano yenyewe, na nadhani ndivyo huyo mkubwa wako alivyoanza. Mpe kitu cha kupuliza: povu la sabuni, au hata aupulize mkono wako kama anazima mshumaa. Na usimwambie "haiumi". Itauma kidogo, naye atajua umemdanganya, na mwakani utamlipa. Mwambie, "Itafinya, nitahesabu mpaka tano, itakuwa imekwisha."

Mwisho ni kupiga simu kliniki kabla hamjatoka, kuuliza kama ya puani ipo siku hiyo. Muda wake wa matumizi ni mfupi kuliko wa sindano, hivyo huagizwa kidogo na huisha mapema. Mkifika mkakuta imekwisha, usirudi nyumbani na mkubwa akiwa hajachanjwa eti msubiri iletwe. Mkalishe mapajani naye, hata kama miguu yake inafika chini, na uhesabu mpaka tano.